Nusu Saa ya Simu Zilizozimwa

Shangazi yangu alifanya kazi ya kuunganisha simu kwa miaka thelathini na moja, na mpaka leo ukimpigia hasemi "hallo". Anasema, "Nakusikiliza," halafu ananyamaza, na wewe unajikuta umenyoosha mgongo kama mtu aliyeitwa ofisini. Watu wote wanamwita Opereta. Hata mimi, binti wa kaka yake, nikikasirika namwita hivyo, na kwa kuwa anaishi juu ya duka langu, chumba juu ya chumba, sababu za kukasirika hazikosekani.

Duka langu ni la fotokopi. Nina mashine mbili, moja nzima na nyingine ya kuchukulia vipuri, kompyuta, na kifaa kidogo cha kupigia karatasi plastiki. Kifaa hicho ndicho kilichotengeneza kadi za mnyororo, kwa hiyo siwezi kujitoa kabisa katika haya ninayoyasimulia.

Mnyororo ulikuwa wa shangazi. Alipostaafu alikaa wiki tatu bila kazi, akawa anashuka kila asubuhi kunifundisha namna ya kupanga karatasi nilizokuwa nimezipanga vizuri kwa miaka saba. Wiki ya nne akapata wazo, nikamshukuru Mungu. Mwenye shida yoyote, mgonjwa, msiba, mtoto anayefanya mtihani, amwambie yeye. Yeye atawapigia watu watatu, mmoja wa Mtaa wa Chini, mmoja wa Kati na mmoja wa Juu. Kila mmoja atampigia anayemfuata kwenye orodha, na huyo anayemfuata, mpaka watu ishirini na saba wawe wamepata ombi. Wa mwisho wa kila mtaa anampigia Opereta kumwambia limefika. Alikuwa na saa ya ukutani, daftari na penseli, na ombi likichukua zaidi ya dakika kumi na mbili kuzunguka alitaka kujua limekwama kwa nani.

Na lilikuwa jambo zuri, nisiwe mchoyo wa kusema. Mimi si mtu wa maombi sana, lakini niliona majirani waliokuwa hawapeani hata salamu wakipigiana simu kwa sababu tu orodha iliwaweka karibu. Mtu akitoka hospitali alikuta watu ishirini na saba wanajua ni mguu gani uliovunjika.

Lililoniudhi ni kanuni ya nne. Kadi ilikuwa na kanuni tano, na ya nne ilisema: Ukishampigia mwenzako, zima simu, omba nusu saa. Si kuipunguza sauti, ni kuizima. Nilimwambia shangazi hiyo imezidi. Akanijibu kwamba kwa miaka thelathini na moja amesikiliza watu wakiongea na wake zao huku wanasoma gazeti, kwa hiyo anaijua sauti ya mtu aliyekupa sikio moja, na kama yeye anaijua, Mungu je?

Isitoshe, alikuwa anakagua. Katikati ya ile nusu saa alichagua majina matatu au manne akayapigia. Simu ikiwa haipatikani aliweka tiki kwenye daftari. Ikiita, aliweka alama ya kuuliza, na mwenye simu alikuwa na maelezo ya kutoa. Hivyo ndivyo alivyomnasa Kinyozi.

Kinyozi alikuwa na kibanda chake Mtaa wa Juu, mwanzoni kabisa, ubavuni mwa kiwanda cha mbao kilichofungwa zamani. Ni mtu mrefu, mwenye mikono safi kuliko ya daktari, na anaongea akikunyoa, akikulipisha na akikufungulia mlango. Alikaguliwa mara tatu, na mara zote tatu alipokea simu mlio wa kwanza. Mara ya tatu shangazi akamwita dukani kwangu, mbele ya wateja, akamuuliza kama kusoma anajua. Kinyozi hakukasirika. Alisema, "Mama, simu ikiita kuna mtu anahitaji kitu. Nikimnyamazia huyo, mimi nitamwomba Mungu anisikilize kwa uso gani?"

Shangazi alichukua penseli akalifuta jina lake. Kinyozi akaniaga, akamuaga na yeye, akaenda zake. Nilimwambia shangazi asitukane wakunga na uzazi ungalipo. Aliniambia nitazame mashine yangu, karatasi imekwama. Kweli ilikuwa imekwama.

Huo ulikuwa mwaka mmoja kabla ya moto.

Moto ulianza Jumatano, msituni, nyuma ya mlima. Siku ya kwanza tulisikia harufu tu. Siku ya pili jua likawa jekundu kama kiini cha yai, na majivu yakaanza kushuka juu ya nguo zilizoanikwa. Ijumaa watu wa zimamoto walipita wakitangaza tufunge madirisha, tuweke taulo mbichi chini ya milango, tukae ndani. Hatari haikuwa kwetu. Upepo ulikuwa unausukuma moto kuelekea ng'ambo ya bonde, kwenye kijiji cha watu tunaosoma nao, tunaooana nao, tunaozikana nao. Sisi kwetu ilikuwa kukohoa tu.

Jumamosi asubuhi, mwalimu mmoja wa ng'ambo alimpigia shangazi. Alisema moto uko kilomita mbili kutoka shuleni kwao, watu wanapakia magodoro kwenye magari, wanaomba tuwaombee. Nilikuwa nimepanda kumpelekea chai, nikaona anavyoandika. Aliandika kwa herufi zake za ofisini: Majirani zetu wa ng'ambo wamo hatarini. Tuombe upepo ugeuke.

Saa tatu na dakika hamsini akaanza kupiga. Wa Mtaa wa Chini, wa Kati, kisha wa Juu, ambaye alikuwa dada yake mwenyewe, shangazi mkubwa, mshonaji mstaafu mwenye nyonga mbovu, anayeishi peke yake nyumba ya mwisho kabisa ya mtaa ule. Hao wawili wanapendana kwa kusahihishana. "Soma tena," shangazi alimwambia dada yake. Aliporidhika akamwambia, "Haya, nakuunganisha," kama vile bado ana waya mkononi. Saa nne kamili wa mwisho wa mitaa yote mitatu walikuwa wamejibu. Dakika kumi tu. Hakuwahi kupata muda mzuri hivyo, na niliona anavyojizuia kutabasamu.

Saa nne na dakika saba ofisa wa zimamoto aliingia dukani na helmeti mkononi. Uso ulikuwa mweusi isipokuwa pale miwani ilipokaa. Aliniwekea karatasi mezani, tangazo la kuhama, akataka nakala mia haraka. Nikaiweka kwenye mashine kabla sijaisoma. Ilipotoka nakala ya kwanza ndipo nilipoona jina la mtaa. Mtaa wa Juu.

Nilimuuliza kama wamekosea. Akasema hapana, upepo umegeuka. Umegeuka ghafla, robo saa iliyopita, na moto umevuka kilele unashuka upande wetu, kwenye kiwanda cha mbao. Ng'ambo wamepona. Gari lao lenye spika liko huko huko ng'ambo, na kuzunguka bonde ni dakika ishirini. Yeye anapanda na pikipiki, lakini barabara ile ina makona, naye anaihesabu robo saa.

"Kwani watu wa Mtaa wa Juu hawana simu?" akauliza. "Ofisini wamepiga namba zote tulizonazo. Hakuna hata moja inayopatikana."

Nikatazama saa. Halafu nikatazama ukutani, ile kadi niliyoipiga plastiki mwenyewe. Ofisa akatazama nilipotazama, akaisoma yote, kanuni ya kwanza mpaka ya tano. Alikusanya nakala zilizokuwa tayari akatoka, na pikipiki yake nikaisikia mpaka kona ya kwanza.

Nilipogeuka, shangazi alikuwa amesimama kwenye ngazi. Alikuwa amesikia kila kitu, ile ni kazi yake. Nilitaka kumwambia maneno makali, nilikuwa nayo tayari, lakini uso wake haukuwa na mahali pa kuyapokea. Alishuka akakaa kwenye kiti cha wateja, akampigia dada yake. Haipatikani. Akampigia wa pili kwenye orodha. Haipatikani. Wa tatu, wa nne. Wote tisa walikuwa watiifu.

"Nani anakaa Mtaa wa Juu ambaye hayumo kwenye mnyororo na simu yake huwa haizimi?" nilimuuliza, ingawa jibu nilikuwa nalo, na yeye alikuwa nalo.

Namba ya Kinyozi hakuitafuta. Anazijua namba zote za watu kichwani, hata za waliokufa. Aliweka simu mezani, akawasha spika yake, akapiga. Ilipokelewa mlio wa kwanza, na nyuma yake nilisikia mashine ya kunyolea inavuma.

"Shikamoo mama," Kinyozi akasema. "Unanikagua tena?"

Shangazi akaisogelea simu. "Leo sikukagui, mwanangu. Leo nina shida. Moto umegeuka, unakuja kwenu, na watu wako ndani wamezima simu. Mimi ndiye niliyewazimisha. Watoe."

Mashine ya kunyolea ilizimika. Kwa heshima ya yule mtu, sitasahau kwamba hakuuliza swali hata moja la mambo yaliyopita. Aliuliza moja tu, aanzie wapi. Kisha, kabla hajajibiwa, akasema, "Nimkimbilie kwanza dada yako, mama? Nyonga ile haitaweza barabara."

Nyumba zilikuwa kumi na nne. Moto ulikuwa unaingilia upande wa kiwanda, nyumba ya kwanza, na shangazi mkubwa alikuwa ya kumi na nne. Mimi ningesema, nenda kwa dada yangu. Mtu yeyote angesema, na hakuna ambaye angemlaumu. Shangazi alishika penseli, na sauti iliyotoka ni ile ile ya miaka thelathini na moja, wala haikupanda wala kushuka.

"Anzia kiwandani. Nyumba ya kwanza kuna watoto watatu. Kwa dada yangu utafika."

Penseli ikavunjika ncha. Nilimpa nyingine.

Kinyozi alikuwa na mteja kwenye kiti, dereva wa pikapu inayobeba viti vya kukodisha. Nusu ya kichwa ilikuwa imenyolewa, nusu bado. Wakatoka wote wawili, viti vikatupwa njiani, na Kinyozi akaiweka simu kwenye mfuko wa shati bila kuikata. Kuanzia hapo, dakika kumi na mbili, shangazi yangu alikuwa kazini.

Ya kwanza, mlango wa mbele umevimba, pitia jikoni. Ya pili hawapo, wamesafiri, usipoteze muda. Ya tatu ni yule fundi saa asiyesikia, anaomba chumba cha nyuma, usigonge, ingia umshike bega. Ya tano ufunguo uko chini ya ndoo ya bluu. Ya sita kuna mama na mtoto wa wiki mbili, na mama hatataka kutoka bila cheti cha kliniki, kiko juu ya friji, mpe. Nilikuwa nimeishi mji huu maisha yangu yote na sikujua nusu ya hayo. Yeye aliyajua kwa sababu watu walimwambia wakiomba kuombewa. Kila nyumba aliyoitaja ilikuwa na ombi lake kwenye daftari, tarehe na saa.

Tulisikia milango. Tulisikia Kinyozi akigonga kwa ngumi na watu wakimjibu "subiri kwanza", maana walikuwa bado wanaomba. Nyumba ya nane alilazimika kumzuia mzee mmoja kupiga magoti tena. Tulisikia kelele ya kitu kama mvua kubwa, nikafurahi kijinga, nikafikiri ni mvua. Ilikuwa ni kiwanda cha mbao.

Nyumba ya kumi na moja simu ikakata.

Shangazi hakupiga tena. Aliniambia ukipiga mtu akiwa mbioni unamsimamisha. Aliweka mikono juu ya daftari, moja juu ya nyingine, na akatazama simu. Nilimuuliza kama anaomba. Akasema, "Sijui niombe nini. Nilichoomba asubuhi nimepewa."

Hilo lilinichoma. Miaka yote nilitamani siku moja tu akose la kusema, na ilipofika sikuipenda. Nilikaa chini sakafuni karibu na kiti chake, nikamshika mguu kwa kuwa mikono ilikuwa bado juu ya daftari.

Saa nne na dakika ishirini na nne simu iliita. Ilikuwa namba ya Kinyozi, lakini sauti ilikuwa ya shangazi mkubwa, kali kama sindano.

"Huyu kijana wako amenibeba kama gunia, na zilikuwa zimebaki dakika mbili za maombi."

Shangazi alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema "nakusikiliza". Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto, na dada yake upande wa pili akawa anasema, "Wewe nani huyo? Ni wewe?" kwa sababu hakuwahi kumsikia hivyo.

Tulilala siku mbili kwenye ukumbi wa shule, watu wote wa Mtaa wa Juu na sisi tuliowapelekea mablanketi. Hakufa mtu. Ziliungua nyumba tano, zote za upande wa kiwanda, na jiko la nje la shangazi mkubwa. Kibanda cha Kinyozi kiliungua chote, kiti, vioo, mashine, na bango lenye mitindo ishirini ambayo yeye anaijua miwili tu. Kiliungua wakati anagonga milango ya watu. Yule dereva wa pikapu alizunguka ukumbini siku zote mbili na nusu kichwa, na watoto walimfuata nyuma mpaka akaazimwa wembe.

Jioni ya kwanza shangazi alisimama mbele ya watu. Wengine walikuwa wanamshukuru kwa sababu waliona mkono wa Mungu katika kila kitu, na wengine walikuwa wananong'ona kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Hakuwajibu wa kwanza wala wa pili. Alisema kanuni ya nne aliitunga yeye, si Mungu, na kwamba ingebakiza watu tisa na familia zao ndani ya nyumba zinazoungua. Alisema aliomba upepo ugeuke bila kusema ugeukie wapi, yeye ambaye kazini hakuwahi kumuunganisha mtu na namba isiyo yake. Akamtazama Kinyozi aliyekuwa amekaa juu ya dawati. "Nakuomba msamaha. Na uniombee, maana sijawahi kumwambia mtu aniombee."

Ni kweli hakuwahi. Nililipekua lile daftari baadaye, miaka kumi na moja ya maombi, na jina lake halimo hata mara moja.

Kinyozi alikuwa ameaibika kuliko yeye. Alijikuna shingo akasema, "Mama, safari nyingine tuombe mvua. Hiyo haina pa kukosea." Watu wakacheka, na kicheko kilikuwa kirefu kuliko mzaha wenyewe.

Sasa nusu ya duka langu ni kinyozi. Shangazi ndiye aliyeamua, mimi nilipewa taarifa. Kuna kiti kando ya dirisha, kioo cha kuazima, na nywele zinaingia kwenye mashine yangu nzima, ambayo hivi karibuni itakuwa ya vipuri. Anaongea kutwa. Nimelazimika kujifunza kuhesabu nakala kwa vidole.

Kadi mpya niliipiga plastiki mwenyewe. Ina kanuni nne, na kila mtu anaacha simu yake wazi. Jina la kwanza kwenye orodha ni la Kinyozi. Ukaguzi umekwisha, au ndivyo shangazi anavyosema.

Lakini kila ombi linapozunguka, na mitaa yote mitatu ikajibu, na kukawa kimya, mimi nasikia miguu yake juu ya dari, kutoka kitandani hadi dirishani na kurudi. Shangazi hawezi tena kukivumilia kimya kile. Ikifika robo saa hivi, simu inaita kwenye mfuko wa Kinyozi, hatua nane kutoka mlangoni mwa yule anayepiga, ambaye angeweza kuita tu kwa sauti kwenye ngazi. Kinyozi anasimamisha mashine. Anapokea mlio wa kwanza.

"Shikamoo mama. Niko kwenye maombi."

"Haya," shangazi anasema. "Endelea."

Na miguu ya juu inatulia.